Sura ya Sita: Jasho Juu ya Shaba

Mtu akishika shaba kwa mkono mtupu, shaba hujibu. Chumvi iliyomo kwenye jasho la kidole, hasa kloridi, huanza kuila metali hiyo polepole, na huila kwa kufuata mistari ya kidole vile vile ilivyokaa. Mwanzoni hakuna kinachoonekana. Siku zikipita, au metali ikipashwa moto, mistari ile inakuwa imechimbika ndani ya uso wa shaba wenyewe, kwa kina ambacho jicho haliwezi kukipima. Ukifuta kwa kitambaa mafuta yatatoka na jasho litatoka. Kutu iliyokwisha kujijenga itabaki.

Aliyelichunguza jambo hili kwa subira ni John Bond, aliyefanya kazi na polisi wa Northamptonshire huko Uingereza pamoja na Chuo Kikuu cha Leicester. Mwaka 2008 alieleza jinsi alivyochukua vipande vya metali vilivyoguswa na watu, akavipasha moto mamia ya digrii, akaviosha, na bado alama za vidole zikaonekana. Kwa maganda ya risasi, ambayo ni mchanganyiko wa shaba na zinki, alitumia umeme wa volti 2,500 na vishanga vidogo vilivyopakwa unga wa kaboni. Unga ulikwenda kushika pale pale jasho lilipokuwa limeila metali. Aliyepakia risasi anaweza kulifuta ganda lake vizuri kabisa na bado akawa ameacha kidole chake humo.

Naanza na shaba kwa sababu naandika kutoka Lubumbashi, mji ulioanzishwa mwaka 1910 kwa ajili ya shaba na si kwa sababu nyingine. Wizi tunaoujua sote hapa ni wizi wa shaba: nyaya za SNEL, shirika la umeme, hukatwa usiku, na asubuhi mtaa mzima unaamka hauna umeme. Hata Golf, mtaa wa kuta ndefu na majenereta, watu wanajua maana ya kuamka ukakuta waya haupo. OPJ, afisa wa upelelezi wa polisi, akifika, anakuta kipande kilichotupwa pembeni na watu kumi waliokwisha kukiokota, kukigeuza na kukirudisha chini. Nani atamwambia kwamba ile metali ina kumbukumbu?

Alama ya kidole ina maswali mawili ndani yake, na umma umezoea moja tu. La kwanza ni umbo la mistari: ni nani huyu? Hilo ndilo swali la Francis Galton mwaka 1892. Ndilo walilolishughulikia Azizul Haque na Hem Chandra Bose huko Calcutta, walipobuni hesabu ya kupanga maelfu ya kadi za vidole ili moja ipatikane haraka, kazi ambayo sifa zake nyingi zilikwenda kwa mkubwa wao, Edward Henry. Ndilo pia swali la mashine ya tume ya uchaguzi, CENI, ambayo kila Mkongomani mwenye kadi ya mpiga kura amewahi kuiwekea vidole juu ya kioo. Swali la pili halitazami umbo, linatazama kile kilichoichora mistari. Mkono huu ulikuwa umetoka wapi? Ulikula nini, ulipaka nini, ulishika nini? Sura hii ni ya swali hilo la pili, kwa sababu linaahidi makubwa, na kwa sababu katika mji wa madini linaweza kumfunga mtu asiye na kosa.

Tuchukue kioo cha dirisha. Nyumba iko Golf Météo, mwezi ni Oktoba, mvua haijaanza, joto limepanda na vumbi jekundu limelala juu ya kila kitu. Mtu amesukuma dirisha kwa kidole gumba, kwa muda usiozidi sekunde moja. Ameacha nini pale?

Vitabu vingi vinajibu kwamba ameacha maji, asilimia 98 au 99. Hiyo ni hesabu ya jasho linapotoka kwenye tezi. Alama iliyobaki kwenye kioo ni kitu kingine: mwaka 2016 Mwingereza Terry Kent aliupitia upya ushahidi na kuonyesha kwamba maji katika alama mbichi hayazidi sehemu moja ya tano. Kilichobaki ndicho cha maana. Ncha za vidole hazina tezi za mafuta hata moja. Zina tezi za jasho peke yake, tena nyingi sana, na jasho hilo linaleta chumvi, urea, laktati na asidi amino, serini ikiwa ndiyo iliyo nyingi zaidi. Mafuta yanatoka mahali pengine. Mtu anajifuta paji la uso, anakuna pua, anapitisha mkono kwenye nywele, na tangu hapo vidole vinabeba skwalini, kolesteroli, esta za nta na asidi za mafuta. Juu ya hayo vinapanda vitu vya siku ile: mawese ya sombe aliyokula na bukari, losheni aliyopaka asubuhi kwa sababu ngozi imekauka, masizi ya makala, uchafu wa noti za faranga zilizopita mikono elfu, na vumbi la barabara. Vyote pamoja havifiki miligramu moja.

Na havikai vilivyo. Skwalini ikikutana na hewa na mwanga huvunjika katika siku chache. Chembe nyingine hutembea: mwaka 2015 Shin Muramoto na Edward Sisco wa NIST, taasisi ya vipimo ya Marekani, walifuatilia asidi ya palmiti inavyosambaa kutoka kwenye mistari kuelekea nafasi zilizo katikati yake, na wakaonyesha kwamba msambao huo unaweza kusaidia kukadiria umri wa alama ndani ya siku nne za kwanza. Ni kazi nzuri sana. Lakini waliifanya juu ya vipande safi vya silikoni, ndani ya maabara. Kioo cha Golf mwezi wa kumi kina vumbi kabla ya kidole kufika, kinapigwa na jua hadi jioni, na usiku kinapoa ghafla. Anayetaka kuutumia msambao ule kama saa hapa itabidi airekebishe saa hiyo hapa.

Kemia imekuwa ikisaidia kuziona alama hizi kwa muda mrefu kabla ya kujaribu kuzisoma. Siegfried Ruhemann, akiwa Cambridge mwaka 1910, aligundua kwamba ninihidrini ikikutana na asidi amino hutoa rangi ya zambarau. Ugunduzi huo haukuingia katika upelelezi hadi mwaka 1954, Waswidi wawili, Odén na von Hofsten, walipoutumia kwenye vidole. Asidi amino hushikana na nyuzi za karatasi na kutulia humo, ndiyo maana barua iliyoguswa miaka mingi nyuma bado inaweza kutoa zambarau ikinyunyiziwa. Kwa kioo na plastiki kuna mvuke wa supagluu, ile ile ya dukani, ambao polisi wa Japani walianza kuutumia mwishoni mwa miaka ya 1970: mvuke unaganda juu ya mistari na kuacha mchoro mweupe, mgumu, unaoweza kupigwa picha.

Kuna kesi moja iliyowalazimisha wataalamu kuvuka kutoka kuona hadi kusoma. Mwaka 1993, mjini Knoxville katika jimbo la Tennessee, mtoto mdogo wa kike alitekwa. Kulikuwa na ushahidi kwamba alikuwa amepanda gari fulani, lakini mpelelezi Art Bohanan alilikagua gari hilo lote asipate alama yake hata moja. Vidole vya watu wazima vilikuwamo. Vya mtoto vilikuwa vimetoweka. Bohanan alilipeleka swali lake kwa Michelle Buchanan, mkemia wa Maabara ya Taifa ya Oak Ridge, jirani na hapo. Buchanan na wenzake waliona kwamba vidole vya watoto ambao hawajabalehe huacha asidi za mafuta nyepesi ambazo zinaruka hewani upesi, hasa kwenye joto, wakati watu wazima huacha esta nzito zinazotokana na mafuta ya uso, nazo hukaa. Mtoto hupita bila kuandikwa, kwa sababu mwili wake bado haujaanza kutengeneza wino unaodumu.

Msomaji wa Haut-Katanga analijua jina la Oak Ridge, au anapaswa kulijua. Mji ule ulijengwa kwa siri wakati wa Vita ya Pili ya Dunia ili kurutubisha urani ya bomu lililoangushwa Hiroshima, na sehemu kubwa ya urani ya mradi wa bomu hilo ilitoka Shinkolobwe, karibu na Likasi. Mawe yale yalichimbwa na kuchambuliwa kwa mikono ya watu wa hapa. Maabara iliyopata uhai wake kwa jiwe la Katanga ndiyo iliyokuja kutueleza kwa nini kidole cha mtoto hakiachi alama. Deni hilo halisemwi mara nyingi, nami naona linafaa kusemwa.

Sasa tufike kwenye ugumu ambao filamu hazionyeshi. Ili mashine ya kupima uzito wa molekuli ijue kuna nini ndani ya alama, inabidi alama hiyo ing'olewe: inayeyushwa, inachomwa kwa leza, inapulizwa. Kilichopimwa kimekwisha. Kwa hiyo maabara nzuri huwa na utaratibu mkali. Picha kwanza, mianga ya rangi mbalimbali baadaye, kisha dawa zisizoharibu, na zile zinazokula ushahidi mwisho kabisa. Ukikosea hatua moja huwezi kurudi nyuma. Na wakati mwingine jibu sahihi ni kutopima.

Lubumbashi ina mfano wake, nao ni mzito. Tarehe 17 Januari 1961, mji ukiitwa bado Elisabethville, Patrice Lumumba na wenzake Maurice Mpolo na Joseph Okito walishushwa katika uwanja wa ndege wa Luano, wakapigwa na kuteswa katika nyumba ya Brouwez isiyo mbali na hapo, na usiku ule wakapigwa risasi porini. Siku zilizofuata Gérard Soete, kamishna wa polisi Mbelgiji, aliifukua miili, akaikata na kuiyeyusha katika asidi ya salfa, asidi ile ile ambayo viwanda vya Katanga huitumia kutoa shaba ndani ya mawe. Wauaji walitaka pasibaki kitu cha kuzikwa. Lakini Soete mwenyewe alibakiza meno, na miaka mingi baadaye alikiri hadharani. Mwaka 2016 mamlaka za Ubelgiji zilikamata jino moja lililokuwa mikononi mwa familia yake. Watu wengi waliuliza kwa nini halikupimwa DNA. Ofisi ya mwendesha mashtaka ilieleza kwamba kipimo kingeliharibu. Jino lilikabidhiwa kwa familia ya Lumumba mjini Brussels tarehe 20 Juni 2022, likapita Onalua, Kisangani na hapa Lubumbashi, likazikwa Kinshasa tarehe 30 Juni.

Nimesikia wanasayansi wakisikitika kwamba nafasi ilipotea. Mimi naona uamuzi ule ulikuwa sawa. Baada ya asidi, jino lile ndilo lililokuwa mwili wote, na hakuna herufi za DNA zilizokuwa na thamani ya kuwanyima watoto kitu cha kuzika. Mkemia yeyote anayetaka kuisoma alama ya kidole anakutana na hesabu hiyo hiyo kwa kiwango kidogo: jibu nitakalopata litamfaa nani, na ninamaliza nini ili nilipate?

Tuseme basi alama imepimwa, na mashine imetoa orodha ya vilivyomo. Hapo ndipo hatari yenyewe inapoanza. Katika Chuo Kikuu cha Surrey, Uingereza, Melanie Bailey na wenzake wamefanya kazi kubwa ya kutafuta dawa za kulevya katika jasho la vidole. Mwaka 2018 walitoa matokeo ya kuwapima watu wasiotumia dawa hizo kabisa. Zaidi ya mmoja kati ya kumi alikuwa na chembe za kokeni au heroini vidoleni. Waliokota wapi? Kwenye noti, kwenye vitasa vya milango, kwa kupeana mikono. Kama mahakama ingesikia tu kwamba kuna kokeni kwenye kidole chake, watu wale wangekuwa wamekwisha.

Njia waliyoitafuta kutoka kwenye mtego huo ni ya busara. Mwili ukiimeza kokeni huigeuza, na moja ya vitu inavyogeuka ni benzoilekgonini, ambayo hutoka tena kwa jasho. Mwambie mtu anawe mikono, umsubiri kidogo, kisha uchukue alama upya. Aliyegusa tu atakuwa amesafishika. Aliyetumia, jasho jipya litaileta benzoilekgonini kutoka ndani. Maji na sabuni vinafanya nusu ya kazi ya hakimu.

Lakini jaribu njia hiyo Lubumbashi, na badala ya kokeni weka kobalti. Kijana amekamatwa karibu na mgodi au ghala, na vidole vyake vina shaba na kobalti. Je, ameiba madini? Kobalti haina kinachogeuka mwilini. Iliyoguswa, iliyovutwa puani na iliyomezwa na chakula ni elementi ile ile moja, na hakuna mashine itakayoikuta imevaa sura nyingine. Ile busara ya Surrey inakwama mlangoni petu.

Tena ni nani hapa asiye nayo? Jibu tunalo, na halikutoka kwa polisi. Lilitoka kwa madaktari. Mwaka 2009 Célestin Banza wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, pamoja na Benoit Nemery wa Leuven na wenzao, walichapisha utafiti wa mkojo wa watu 351 wa kusini mwa Katanga, wa umri wa miaka 2 hadi 74. Walioishi chini ya kilomita tatu kutoka mgodini au kiwandani walikuwa na kobalti mara kadhaa zaidi ya walioishi mbali, na miongoni mwao waliozidi zaidi walikuwa watoto. Mwaka 2018 kundi hilo hilo lilieleza hali ya Kasulo, mtaa wa Kolwezi ambako watu walichimba kobalti chini ya nyumba zao wenyewe: kobalti ilikuwa kwenye vumbi la ndani, na kwenye mkojo wa watoto ambao hawajawahi kuingia shimoni. Hapa mjini, pepo za kusini-mashariki zilisukuma moshi wa kiwanda cha kampuni ya madini ya Gécamines kwa miongo mingi kuelekea upande mmoja, hadi udongo wa mtaa wa Penga Penga ukajaa shaba na majani yakakataa kuota. Mama anayefagia ua wake kule ana chembe za kiwanda vidoleni kila asubuhi ya maisha yake.

Ndiyo maana nasema kwamba Banza na wenzake, waliokuwa wakitafuta ugonjwa, walianza bila kujua kazi ambayo upelelezi wa kikemia hauwezi kuikwepa. Kabla ya kusema mkono fulani ni wa mwizi, lazima tujue mkono wa jirani yake asiye mwizi una nini. Na tofauti haitakuwa ya sheria peke yake, itakuwa ya mtaa. Anayeishi Golf, mwenye maji bombani na nyumba yenye vigae, atakuwa na vidole safi kuliko anayeishi kando ya terili, kile kilima cha mabaki ya tanuru, hata kama wa Golf ndiye mnunuzi wa mali iliyoibwa. Kipimo kisicho na msingi wa kulinganisha kitawafunga maskini kwa vumbi wanalovuta.

Hii si sababu ya kuiacha kemia. Madini yana wenzao, na wenzao hutofautiana. Mawe ya Kipushi yana zinki nyingi pamoja na risasi na jerimani. Mawe meusi ya Kolwezi yana kobalti inayotembea na shaba na manganizi. Vumbi la terili ya Lubumbashi, lililopita tanuruni, limekuwa vipande vya kioo ambavyo darubini ya elektroni huvitambua kwa umbo. Kwa hiyo swali la kumuuliza mkemia si kama kuna kobalti, ni kobalti ya aina gani, imefuatana na nini, chembe zake zina umbo gani, na ni nyingi kiasi gani kuliko za watu wa mtaa ule ule. Mji huu una watu wanaojua kupima hayo. Mizigo ya shaba na kobalti haitoki hapa bila kupimwa, na maabara za OCC, ofisi ya ukaguzi wa bidhaa, na za makampuni binafsi hufanya kazi hiyo kila siku ya wiki kwa ajili ya wauzaji na forodha. Ujuzi upo. Umekuwa ukitumika kwa ajili ya tani, haujatumika kwa ajili ya mtuhumiwa.

Kinachotakiwa kwanza hakihitaji mashine mpya. Wachukuliwe watu wa kujitolea kutoka Golf, Katuba, Kenya, Kamalondo na Penga Penga, wanaume na wanawake, wachimbaji na walimu, wauza makala na wafanyakazi wa benki. Alama zao zichukuliwe kwenye vipande safi vya kioo kabla ya kunawa na baada ya kunawa, mara moja katika baridi ya Juni, mara moja katika vumbi la Oktoba, na mara moja mvua za Januari zikiwa zimeosha hewa. Majina yasiandikwe, mtaa na kazi viandikwe. Matokeo yawekwe mahali ambapo wakili wa utetezi anaweza kuyafikia sawasawa na mwendesha mashtaka. Hadi hapo, OPJ wa Lubumbashi atakayeleta mbele ya hakimu kidole chenye kobalti na kusema huu ni ushahidi, aulizwe swali moja na hakimu: cha kwako wewe, umekipima?